Ekzosi Iliyosafisha Mto

Gari la ofisi ya maji liliitwa Ngurumo, na aliyelipa jina hilo hakulionea. Ekzosi yake, lile bomba la moshi la chini, ilikuwa imetoboka zamani, na gari likiwashwa tu mbwa walijificha na watoto wachanga waliamka hadi mtaa wa pili. Dereva wake aliona aibu isiyosemeka. Alikuwa mtu wa kupiga pasi hadi soksi, na ndoto yake ilikuwa kuendesha gari la kimyakimya, lile ambalo watu hushtukia tu mlango umefunguliwa.

"Wenzangu wanaendesha magari, mimi naendesha mashine ya kusaga," alimlalamikia mkewe kila jioni.

"Linakupeleka, linakurudisha," mkewe alijibu huku akikunja mashuka. "Unataka na likuimbie?"

Mke alikuwa dobi wa nyumba ya wageni iliyo kando ya barabara kuu. Kwa kuwa mabomba ya mtaani kwao yalitoa upepo zaidi ya maji, alifulia maji ya mto. Na juu ya mto huo kilikaa kiwanda cha kutia vitambaa rangi. Kwa karatasi, kiwanda kilivuta maji kwa pampu moja yenye mita. Kwa macho ya Mungu, kilikuwa na pampu ya pili isiyo na mita, na mfereji wa uani uliotema zambarau moja kwa moja mtoni.

Lakini Ngurumo ilisikika tangu darajani. Mlinzi wa kiwanda akiisikia hupuliza filimbi. Pampu ya pili inazimwa, mfereji unafungwa, na wakaguzi wakiingia wanakuta usafi wa kupigia picha. Kwa kuwa gari lilipita njia hiyo karibu kila siku kwa shughuli zake nyingine, na mlinzi hakujua lini litasimama na lini litapitiliza, mfereji ulishinda umefungwa. Mkaguzi mkuu, bwana mwenye tumbo la heshima na kalamu nne mfukoni, aliandika "wanatii sheria" kwa mwandiko mzuri, kisha akanywa soda ya meneja. Wala hakudanganya, maskini. Kila alichoandika alikiona.

Dereva aliomba ekzosi mpya mpaka ulimi ukaota sugu, na hatimaye akapewa. Siku hiyo aliingia nyumbani kwa gari linalonong'ona, mkewe akaruka kwa hofu.

"Mbona sikukusikia?"

"Ndiyo maana yake!" alisema, kichwa kimemvimba.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Wiki haikuisha, mashuka yalitoka majini na mabaka ya zambarau. Mwenye nyumba ya wageni aliyatandaza juu ya kaunta.

"Dada, mimi nina nyumba ya wageni, sina duka la vitenge. Yakija hivi tena, natafuta dobi mwingine."

Mke hakufoka. Aliketi kando ya beseni, mikono mapajani, akalia kimya, na dereva aliumia kuliko kama angetukanwa. Kazi hiyo ndiyo iliyowasomesha watoto wao wote. Dereva alimlaani aliyechafua mto, akiwa hajui kuwa anajilaani mwenyewe.

Alijua siku ya ukaguzi. Gari liliteleza hadi langoni, na mlinzi alikuwa akichokonoa meno. Pampu ya pili ilikuwa ikiunguruma, na mfereji ukimwaga zambarau kwa raha zake. Mkaguzi mkuu alisimama na chupa yake ya kuchotea maji, asijue aanzie wapi. Miaka yote alikuwa akikagua. Kukuta kitu hakukuwa sehemu ya kazi.

Meneja alitoka mbio. "Mzee, jamani! Mnaingiaje kwa watu bila hodi?"

"Samahani sana," mkaguzi mkuu alisema, na uso ulimwiva kwelikweli. "Tumewaingilia." Kisha akamgeukia dereva. "Umetuaibisha! Gari gani hili halisikiki?"

Walirudi ofisini, ikaandikwa kwamba ukaguzi umeahirishwa kwa hitilafu ya gari.

Jioni dereva alimweleza mkewe yote, kichwa chini, akingoja lawama. Mkewe alifuta macho, akauliza swali moja tu.

"Ekzosi ya zamani iko wapi?"

Ilikuwa kwa fundi, imetupwa nyuma ya gereji. Fundi aliikata, akaichomelea kwenye pikipiki ya shemeji yake dereva, aliyekuwa akibeba abiria. Tangu siku hiyo shemeji alipita darajani asubuhi, akarudi mchana, akapita tena alasiri, akinguruma kama hukumu. Mlinzi, aliyekuwa bado na jeraha la kukemewa na meneja, hakutaka kubahatisha. Alipuliza filimbi mpaka mashavu yakamlegea, na mfereji ukafungwa.

Mto ulitakata. Sifa zikapanda ngazi hadi makao makuu, na mkaguzi mkuu akatunukiwa cheti katika ukumbi wenye maua ya plastiki. Alikuwa akieleza jinsi usimamizi wa kisasa na gari la kimya vilivyookoa mto, pikipiki ikapita nje. Madirisha yalitetemeka na hotuba ikamezwa.

"Nani huyo anayechafua mazingira kwa kelele?" alifoka. "Dereva! Kuanzia kesho umfuate mpaka umkamate!"

Dereva alisimama, akanyoosha shati lake lililopigwa pasi. "Nitamfuata, mzee. Kila siku."

Na anamfuata kweli, kwa mafuta ya ofisi, asubuhi, mchana na alasiri, mpaka mbele ya lango la kiwanda. Hajawahi kumkamata, na mashuka ya mkewe ni meupe.