Saizi ya Mguu wa Ndelilio

Mimi naitwa Sirili, Mchaga wa Kibosho, nauza viatu vya mtumba soko la Memorial. Kama umevaa kiatu cha maana hapa Moshi, basi ama umenunua kwangu ama umeibiwa na mwingine. Shule niliiacha darasa la sita na haikulia. Lakini mtu akipita ng'ambo ya barabara nakwambia namba ya mguu wake na kidole chenye sugu. Leo lakini sijisifii, hayo ni utangulizi tu. Nataka nikupe habari za mtu anayenichukia kuliko wote, Ndelilio wa Old Moshi. Hataipenda hii stori. Ndiyo maana naisimulia kwa raha.

Ndelilio ni mpagazi, anawabebea watalii mizigo mlimani. Kwao ni juu kabisa migombani, mteremko mtupu, kuku wao akitaga vibaya yai linaokotwa kwa jirani wa chini. Baba yake, mzee Eliakim, alikuwa na ng'ombe wa ndani, na ng'ombe wa ndani hatoki kwenda kula, analetewa. Mletaji alikuwa Ndelilio. Kila siku anashuka tambarare kukata majani, anapanda na mzigo kichwani. Shingo ikawa nene kama mgomba, na roho ikawa fupi kama mkia wa mbuzi. Akagombana na baba yake kwa sababu ya ng'ombe, akagombana na mwinjilisti kwa sababu ya kwaya, akagombana na mashemeji kwa sababu ya pombe ya mbege iliyopungua kwenye pipa. Hakuna msiba wala harusi kule juu ambayo hajaiharibu.

Mlimani nako akagombana na mpishi. Uji ulikuwa baridi. Mpishi akashuka na pengo, na waongozaji wakamwita Ndelilio wakamwambia hivi: ukirusha ngumi tena hupandi na sisi, katafute mahali zinaporuhusiwa. Akashuka mpaka mtaa wa Pasua kwa Meku.

Meku ni Melkior, ila hakuna anayemwita hivyo. Meku kwetu ni mzee, na yeye amezeeka tangu namfahamu. Anafundisha ngumi kwenye nyumba isiyoezekwa, nyuma ya mashine ya kusaga. Gunia la kupiga limejazwa pumba, na vumbi la unga linaingia dirishani mchana kutwa, kwa hiyo ukichungulia unakuta watu weupe wanapigana bila kusema neno. Mama mmoja alishawahi kukemea pepo pale mlangoni.

Ngumi Ndelilio anazo. Hilo silibishi, hata mchawi husifiwa mbio. Mkono wake wa kulia ukikupata unasahau jina la mkeo. Tatizo ni huko chini. Alikuwa anapanda ulingoni na raba zilezile anazoendea sokoni, soli imeisha upande mmoja, na mapambano mawili alipigwa bila kupigwa. Anageuka, mguu unakwenda kwingine, anakaa. Meku akamwambia mbele ya wenzake, wala hakupandisha sauti: "Tarehe ishirini na sita unapigana na Filemon. Ukipigwa tena usirudi hapa, nafasi nitampa mwingine. Na utafute viatu vya ngumi."

Kama wewe si wa huku, nikueleze. Desemba kila Mchaga anayepumua anarudi nyumbani. Wa Dar wanarudi, wa Mwanza wanarudi, wa Nairobi wanaingia mpakani Holili na magari ya kukopa. Ukipigwa siku moja baada ya Krismasi umepigwa mbele ya ukoo mzima, na mwaka ujao watakukumbusha wakikukatia nyama. Lakini kwa Ndelilio haikuwa aibu tu. Yule mtu tangu utoto anabebeshwa: majani, mahema, mitungi ya gesi, masanduku ya wazungu. Ulingoni ndipo mahali pekee ambapo hakuna mtu wa kumtwika kitu. Meku akimfukuza, inabaki mizigo mpaka kaburini.

Akaja kwenye meza yangu wiki ileile ya Krismasi. Hakusalimia. Alisimama akanizibia jua.

"Viatu vya ngumi," akasema.

"Na mimi sijambo," nikamjibu.

Kulikuwa na jozi mbili kwenye belo niliyofungua asubuhi. Moja nyeusi, viatu vya ngumi vya ukweli, na kwa macho tu nilijua ni saizi yake. Kiatu cha ngumi, sikiliza, nakufundisha na sikulipishi, kinatakiwa kikubane kama soksi. Soli nyembamba, mguu uzisikie mbao za ulingo. Hakina kisigino, ugeuke utakavyo. Shingo yake inapanda mpaka kwenye muundi, ikushike kifundo. Jozi ya pili ilikuwa nyekundu, soli nene, sijui vya mchezo gani, vikubwa kwake kwa namba nzima.

Yeye akatoa mfukoni soksi za sufu. Pea mbili. Akavaa zote, moja juu ya nyingine, jua la Moshi linawaka. Akaingiza mguu kwenye kile cheusi kwa shida, akajaribu kupitisha kidole gumba nyuma ya kisigino, hakipiti. Kisha akagonga ncha ya kiatu kwenye ukingo wa mtaro, ko, ko, ko. Hapo nikaelewa. Huyu mtu alikuwa anachagua kiatu cha mlima. Wapagazi wote ndivyo wanavyofanya: namba moja juu, soksi mbili, halafu unagonga mbele uone kama vidole vinafika.

"Kinagusa," akasema.

"Kinatakiwa kiguse."

"Ukishuka nacho kucha zinang'oka."

"Unashuka kwenda wapi, Mangi, chifu wangu? Ulingo hauna mteremko."

Wa meza za jirani wakacheka, na hapo ndipo nilipomkosa. Kama tungekuwa wawili labda angesikia. Akaniangalia kama mimi ndiye niliyepika ule uji. Akaniambia mimi hata Mandara sijafika, kituo cha kwanza tu kile ambacho watoto wa shule wanafika, sasa habari za miguu nazijulia wapi. Nikamwambia sijafika kwa sababu kule juu hakuna wateja. Akazidi kuvimba. Akachukua vile vyekundu, akavaa na soksi zake mbili, akagonga, havikugusa, akaridhika, akalipa. Kabla hajaondoka akautangazia mstari mzima wa wauza viatu kwamba Sirili ni mwizi, alitaka kumbambikia viatu vya watoto vilivyomdodea. Mbele ya wateja wangu.

"Nenda," nikamwambia. "Utarudi unachechemea, nitakuuzia fimbo."

Vile vyeusi sikuviuza. Kuna mtu wa Majengo alivitaka, nikamwambia vina mwenyewe. Usinielewe vibaya, si huruma. Nilitaka nivivae shingoni siku ya pambano, nikae mbele, avione vizuri akiwa chini.

Na nilifanya hivyohivyo. Ulingo ulifungwa kwenye uwanja wa vumbi Pasua, mbao juu ya mapipa, turubai juu ya mbao. Watu wamejaa, wamevaa nguo za Krismasi, nusu wana mbege kichwani. Filemon ni kinyozi wa palepale, mwepesi, miguu kama ya mbuzi, na ukinyolewa kwake unasikia mdomo wake kabla ya mashine. Alivyomwona Ndelilio anapanda na yale madude mekundu, akamsogelea kabla ya kengele.

"Mpagazi," akamwambia, "leo mzigo ni wewe."

Raundi ya kwanza Ndelilio akatupa ile kulia yake. Kiwiliwili kikageuka, mguu ukageuka ndani ya soksi, kiatu kikabaki kinaangalia Arusha. Akakaa chini. Filemon hajamgusa. Akainuka, akapigwa kweli sasa, jicho likafura, akatupa tena, akakaa tena.

"Kapumzika kidogo," Filemon akawaambia watu. "Kilele bado mbali."

Pasua nzima ikacheka. Mimi nikacheka kuliko Pasua, nikainua vyeusi juu ili asije akasema hakuviona.

Raundi ya pili, mguu wa kulia ulikanyaga kamba ya kiatu, kamba ikakatika, na alipojaribu kugeuka kile kiatu kikatoka kizima kikapita chini ya kamba za ulingo, kikaenda kutua kwa mama wa ndizi za kuchoma. Ndelilio kabaki na kiatu kimoja, na mguu mwingine soksi mbili za sufu, ya juu imetoboka. Hata mama wa ndizi alicheka, na yule ni mlokole.

Refa akasimamisha saa. Akasema avae kiatu, au pambano limeisha na Filemon kashinda.

Meku akakiokota kiatu, akaiona kamba, akakiweka chini. Akanigeukia. "Sirili, leta hivyo."

Nikasogea mpaka kwenye kona yao. Nikasema viatu vipo, ila aseme mwenyewe. Alinitangaza sokoni, na anitangaze hapa.

"Bora nipigwe," Ndelilio akasema.

Meku hakumbembeleza. Alichukua taulo begani kwake, akaanza kulikunja polepole, upande huu, upande ule, kama mtu anayefunga duka. Ndelilio akalitazama lile taulo. Refa akatazama saa.

"Saizi yangu unaijua wewe," Ndelilio akaniambia.

"Hawajasikia."

"Mimi nimesikia," Meku akasema. "Mvalishe."

Sasa jambo ambalo sikulipigia hesabu ni glovu. Mtu mwenye glovu hawezi hata kujikuna, atafunga kamba saa ngapi? Meku mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye lile jicho, anakandamiza na barafu. Nikapiga magoti. Mimi, ambaye hata kanisani napiga goti moja. Filemon kule kwenye kona yake akapaza sauti kwamba Kibosho imeipigia magoti Old Moshi, watu wapige picha. Walipiga. Picha iko kwenye kundi la ukoo wetu mpaka leo, na mjomba wangu ameiweka kwenye simu yake ionekane kila akiiwasha.

Nikavua soksi ya kwanza, nikavua ya pili, nikaona vidole. Kucha hazipo. Zilizopo ni nyeusi, nene, zimepinda kama ganda la mbegu. Dole gumba lote lilikuwa kovu moja. Nimeshika miguu mingi maishani, sijawahi kuona kama ule. Nikajua kwa nini kiatu kikimgusa mbele anakasirika. Nikamwambia aoge miguu, mtumba wangu utachacha.

"Kaza juu," akanijibu. "Chini legeza. Funga kama ya kushukia mlima."

Nikakaza kwenye kifundo, chini nikalegeza vidole vipumue. Alikuwa amesema la maana na sikufurahi.

Akarudi. Filemon akaja na mdomo wake, anarukaruka. Ndelilio akatupa kulia, na safari hii mguu ukageuka pamoja na mwenyewe. Ngumi ikaingia mbavuni. Filemon akasema "aah" kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani, akakaa. Akahesabiwa, akainuka, lakini hakuongea tena mpaka mwisho.

Waamuzi wakatoa sare. Pasua wakazomea, wa Old Moshi wakazomea, chupa mbili zikaruka. Ndelilio alishuka akasimama mbele ya Meku kama mtu anayesubiri hukumu, jicho moja limezibika.

"Sikukwambia ushinde," Meku akasema. "Nilikwambia usipigwe. Jumatatu uwahi."

Usidhani tulikumbatiana. Alinipita kama nguzo ya umeme.

Siku hizi wapagazi wanakuja mezani kwangu, wageni kabisa, wanauliza yuko wapi yule mwizi wa Kibosho anayejua miguu. Siwaulizi nani kawaelekeza. Na wiki iliyopita akaja mwenyewe. Hakusalimia. Alisimama akanizibia jua, akanyoosha mguu juu ya turubai la mbele ya meza yangu, anataka buti za mlima. Nikampa namba moja juu kabla hajafungua mdomo. Akavaa soksi zake mbili, akaenda kwenye ukingo wa mtaro, ko, ko, ko.

"Kinagusa?" nikamuuliza.

"Hakigusi."

"Basi ondoka, unanizibia jua."