Mstari Mwekundu wa Mama Neema

Mimi ni mfamasia katika hospitali moja hapa Tunduma. Juzi nilijiaibisha mbele ya wodi nzima, na mpaka leo nikipita pale natembea haraka.

Tuna programu ya kompyuta inayokadiria dawa itapanda kiasi gani kwenye damu ya mgonjwa na itachukua muda gani kutoka. Mimi ndiye niliyeipigia debe kwa madaktari. Asubuhi hiyo niliingiza taarifa za Mama Neema, mfanyabiashara wa mahindi wa Chapwa, aliyelazwa kwa homa kali. Alikuwa anaanzishiwa sindano ambayo ikizidi huharibu figo. Mstari kwenye skrini ukapanda, ukageuka mwekundu, ukagoma kushuka.

Nikaibeba kompyuta hivyo hivyo, nikakimbilia wodini. Muuguzi alikuwa ameshashika sindano.

"Usimchome! Utamuua!" nilipiga kelele.

Mama Neema akaanza kusali kwa sauti. Daktari akaja, akamtazama mgonjwa, akanitazama mimi, kisha akainamia skrini. Nami nikasimama pale nahema, nikisubiri anishukuru.

"Uzito umeandika ngapi?" akauliza.

"Kama ulivyo kwenye faili, daktari. Kilo tisini."

"Hapa pameandikwa tisa."

Mama Neema akaacha kusali. Akajiinua taratibu kwenye mto, kitanda kikalia.

"Mwanangu," akaniambia, "hizo kilo tisa ni zangu mimi, au umepima mguu mmoja?"