Ukuta wa Ndiva Umeanza Kulowa

Bwana Mhariri, jina langu libaki mezani kwako, kwa maana huku milimani wasomaji wako wote wananifahamu. Nina miaka ishirini na sita, sijaoa. Nilihitimu chuo kikuu huko Uganda, na sasa nafundisha shule ya misheni katika milima ya Upare, juu ya Hedaru. Sijawahi kushindwa katika mjadala, na huo ndio mwanzo wa balaa langu.

Mwaka huu Mfumwa, mtawala wetu chini ya Waingereza, alitangaza kwamba hazina ya wenyeji itakopa ili ijenge nyumba mpya ya baraza, na deni lilipwe kwa kuongeza kodi. Tukagawanyika. Wa upande wake walidai kuwa mtawala asiye na nyumba ya heshima hudharauliwa na Bwana Shauri, Mwingereza wa wilaya. Sisi tuliuliza: zahanati haina dawa, barabara ya kuteremkia Hedaru imekatika, na wajukuu wetu walipe deni la mabati? Niliposema barazani kwamba mtawala anayekopa bila kuwauliza watakaolipa ni mpangaji anayeuza nyumba ya watu, vigelegele vilimfanya karani aweke kalamu chini. Nikalewa sifa. Nikatangaza kwamba hadi mkopo ufutwe usimame msaragambo, yaani ile kazi ya pamoja ambayo baragumu likilia kila nyumba hutoa mtu.

Mzee mmoja akauliza, "Hata wa ndiva, mwalimu?"

Ndiva ni bwawa letu la udongo. Kila mwaka kabla ya mvua huzolewa tope, na ukuta wake hushindiliwa.

"Hata wa ndiva," nikajibu. "Tukiacha mlango mmoja wazi, Mfumwa atapitia huo huo."

Wakanitii. Juma lililopita nilipita chini ya ukuta ule nikaona umelowa mahali ambapo hapajawahi kulowa. Nilikita kidole, kikazama chote. Tundu la kutolea maji limezibwa na tope. Hatua mia chini yake anakaa dada yangu, aliyejifungua juzijuzi. Nilimsihi ahame, mkwewe akanikatiza: "Mzazi hatolewi nje kabla ya siku zake. Nenda kahamishe maji, wewe uliyeyazuia."

Nikaenda kwa mjomba wangu, mtunza baragumu la ndiva, naye ni mtu wa Mfumwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, msomi. Leo umekuja kunifundisha kupuliza?"

"Ukuta unavuja. Piga baragumu."

"Nipige, nani aje? Watu wako watasema mzee kanunuliwa. Na wetu hawashiki jembe huku nyinyi mmekaa kitako. Kwanza ukaombe radhi mbele ya Mfumwa. Kwa yote."

"Hata kwa deni?"

"Deni ndilo yote, mpwa wangu."

Wenzangu nao waliposikia walicheka. "Mtego huo! Ukuta umesimama tangu enzi za babu zetu. Ukipiga magoti leo, kesho mkopo umepita."

Jana niliingia ndivani peke yangu na jembe. Nilizoa tope tangu asubuhi hadi adhuhuri, na kila nilipochimba palijaa tena. Watu wa pande zote mbili walisimama mteremkoni wakitazama, na mmoja wa upande wetu akapaza sauti, "Mwalimu ameajiriwa na Mfumwa!" Wakacheka pamoja, kwa mara ya kwanza tangu baraza lile.

Nikiomba radhi, nitakuwa nimewauza walioniamini, na deni nisiloliamini litapita kwa kinywa changu. Nikinyamaza, dada yangu amelala na mwanawe chini ya ukuta ule. Na hata nikiomba, sijui kama watakuja kwa wakati.

Nyinyi mliokuwa na busara kabla ya kuwa na elimu, niambieni nishike njia ipi. Barua hii itateremka kwa miguu hadi Hedaru, kisha ingoje treni. Wingu limekaa juu ya kilele cha Shengena tangu alfajiri, na vyura wa ndiva wamenyamaza. Majibu yenu yakichelewa, habari zetu mtazisoma katika ukurasa mwingine wa gazeti hili.