Mursik Iliyoshusha Presha ya Gibson

Rebeccah wa Kedowa hakuwa mtu wa maneno mengi. Kila asubuhi alikama ng'ombe, akatikisa kibuyu cha mursik, yaani maziwa ya kuchacha, kilichosuguliwa kwa makaa, na kummiminia mumewe Gibson kikombe. Katika boma lile mke ndiye humimina, na mume hunywa bila kuuliza.

Gibson alikuwa na presha, na ukaidi ulioizidi. Siku moja mtaalamu alieleza redioni kwamba maziwa yakichacha, bakteria hukatakata protini kuwa vipande vidogo viitwavyo peptaidi, na huenda vikapunguza uvimbe ndani ya mishipa ya damu na hivyo kushusha presha. Akaongeza kuwa utafiti bado unaendelea, watu wasiache dawa. Kufikia hapo sikio la Gibson lilikuwa limeshafunga duka.

"Mama Chelimo, umesikia? Dawa yangu iko kwa kibuyu," akasema, na vidonge akavisahau kabatini.

Kubishana na Gibson ni kutwanga maji kwenye kinu. Rebeccah akawa anasaga kidonge na kukikoroga kikombeni kimyakimya. Presha ikashuka. Gibson akasimama kanisani kushuhudia kwamba mursik imemponya, na jirani yao Benard, aliyetahiriwa pamoja na Gibson, akaziacha dawa zake za presha siku iyo hiyo. Rebeccah alipiga makofi pamoja na akina mama wengine.

Alijua la kufanya: kusema ukweli. Lakini angemwambia Janeffer, mke wa Benard, maneno yangefika kwa Gibson kabla ya jua kutua, na Gibson asingekunywa tena kitu kutoka mkononi mwake. Basi akawa anasema kesho. Kesho ikazaa kesho, mpaka Benard akaanguka katikati ya mahindi yake, na hakuinuka.

Siku ya mazishi Rebeccah alikaa jikoni kwa wafiwa, akimenya viazi. Alisubiri machozi, hayakuja. Hata aibu haikuja. Ndani yake kulikuwa kumekufa ganzi, na kisu kiliendelea kumenya.

Gibson alipita na kunong'ona kwamba mursik ya Janeffer ilikuwa nyepesi, ndiyo sababu. Kisha Janeffer akaja, akachuchumaa karibu na sufuria.

"Mama Chelimo, mimi nilimtengenezea vile vile kama yako. Nilikosea wapi?"

"Hukukosea," Rebeccah alisema.

Janeffer akamtazama, akingoja asikie zaidi. Rebeccah akachukua kiazi kingine.