Kalamu ya Mama wa Kodi

Yule mama anayejaza fomu za kodi, katika kiofisi kilichobanwa kati ya dobi na duka la donati, ana mikono mipana, na kila ukurasa anaoumaliza huupigapiga kwa kiganja kama anayebembeleza mtoto alale. Sauti yake haipandi. Hata Yesenia alipomwambia kwamba Jumatatu ana mahojiano ya kadi ya kijani, kibali cha kuishi Marekani anachokiomba kupitia ndoa yake, aliendelea kupigapiga tu, mpaka alipoifikia fomu ya kodi ya mwaka jana ya Duane, mume wa Yesenia, aliyeketi kando yake. Kiganja kikasimama.

“Baba, hapa umeandika huna mke.”

Duane akacheka. “Jamaa mmoja kazini aliniambia nikiandika hivyo hela za kodi nilizokatwa zitarudi haraka.”

“Na Jumatatu huyu binti akiulizwa ameolewa na nani, amtaje jamaa yako? Chakula chake unakula, jina lake ndilo limekushinda kuandika?”

Yesenia alikuwa hajui. Alimtazama mumewe, naye akatazama viatu.

Mama akajaza fomu ya kusahihisha, taratibu, jina la Yesenia kwa herufi kubwa. Wote wawili walitakiwa kutia sahihi, na Duane, kama waume wote wanaofika pale, akanyoosha mkono kwanza. Kalamu ya mama ikaupita, ikaenda kwa Yesenia.

“Anza wewe, mwanangu. Yeye atangoja.”