Mngoni Aliyelala Njiani

Fortunata alikuwa na kazi ambayo nusu ya mji wa Lindi hawakuiamini. Watu wamezoea kuona baiskeli ikibeba magunia ya mkaa, madumu ya maji na tenga la samaki. Sasa wakaona watu wazima, wenye akili zao timamu, wanalipa ili wazungushwe mjini kwa baiskeli, tena baiskeli yenyewe ya umeme, inayochajiwa ukutani kama simu. Vijana wa bodaboda pale stendi walimwita Madamu Chaji. Yeye aliwapungia mkono, akapita.

Safari ilikuwa ile ile kila mara. Wageni walikusanyika ofisini kwa Frank, mwenye baiskeli, na Fortunata akawafundisha kuwasha mota, kukamata breki zote mbili na kutoiogopa ile nguvu inayomsukuma mtu kwa nyuma. Kisha akawatangulia. Walipita bustani ya ufukweni yenye viti vya saruji, wakaingia bustani ya zamani iliyofunikwa na miti ya mikungu, wakatoka mjini kwa njia ya mashamba ya chumvi mpaka ukingoni mwa mto Lukuledi, pale maji yanapotanuka na mikoko kuanza. Nyuma ya msafara alikuwapo Tomaso, fundi, amebeba pampu, spana na korosho za kukaanga za kuwapa wageni wakati wa mapumziko.

Tangu baba yake afariki, Fortunata alikuwa kiongozi mzuri kuliko zamani. Sisemi hivyo kwa kumsifu. Zamani mgeni akitupa chupa mtoni, Fortunata alimrudisha akaiokote, na mgeni akijidai anaijua Lindi kumzidi, alimwachia aongoze msafara mpaka apotee. Alikuwa na hasira za karibu na kicheko cha karibu. Sasa hakukasirika na mtu. Alitabasamu kutoka ofisini mpaka mtoni, tabasamu moja tu, kama limebandikwa. Frank alifurahi, akasema wageni wanausifia sana upole wake.

Haukuwa upole. Ndani hamkuwa na kitu. Alikula wali bila kujua kama umetiwa chumvi. Paa la chumba chake likavuja, akaweka ndoo chini, basi, habari ikaishia hapo. Ukipanda baiskeli ya umeme miguu inazunguka tu, na wewe unafika bila kujua nani amekufikisha. Ndivyo alivyokuwa akiishi.

Baba yake, mzee Laurenti, alikuwa katekista kule kwao milimani, Kipatimu, wilaya ya Kilwa. Alifariki wakati wa masika, barabara zimekatika, na Fortunata alifika na tope magotini, jeneza limeshatolewa uani. Shangazi zake walimwangukia kwa vilio. Yeye akawapigapiga mgongoni kama anayebembeleza watoto wa jirani. Akatupa udongo wake, akanawa mikono, akauliza kama waliotoka mbali wameshapata chakula. Watu wote walikuwa wakimsubiri alie, maana kila mtu pale alijua huyu ndiye aliyekuwa kipenzi cha mzee. Hakulia. Hakulia siku ile, wala kesho yake, wala alipokabidhiwa rozari ya baba yake mkononi.

"Huyu amekuja kama mgeni," mama yake alisema mbele ya shangazi wote, na Fortunata alisikia kila neno. Halikumuuma. Kule kutoumwa ndiko kulikomtisha.

Na sasa arobaini ilikuwa Jumamosi. Kaka yake, Jonas, alikuwa amepiga simu akizungukazunguka, akaulizia kazi, akaulizia mvua, mwisho akautoa ujumbe aliotumwa: mama anasema kama Fortunata anakuja kusimama tena juu ya kaburi na macho makavu, ni afadhali abaki Lindi na baiskeli zake. Jonas aliomba radhi. Fortunata akamwambia hakuna shida. Lakini alijua, tena vizuri, kwamba asipokwenda amempoteza na mama, na kwamba akienda vile alivyo atampoteza vilevile. Kwamba alimpenda baba yake alilijua kichwani tu, kama mtu anavyojua jina la mkoa wake. Machozi hayaagizwi dukani. Siku zilikuwa zinakwenda na hakuwa hata amemwomba Frank ruhusa.

Katika wiki hiyo ndipo wakaja walimu wastaafu kutoka Songea, watu wanne waliokuwa wakitembea kusini kwa raha zao. Mkubwa wao alikuwa Mwalimu Natalia Luambano, mama mnene, mwenye sauti ya kufikia dawati la mwisho. Fortunata akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akamrekebishia siti. Mwalimu Natalia aliiangalia baiskeli kwa mashaka, akauliza ikiamua kwenda yenyewe na mpandaji bado hajaamua, inakuwaje. Fortunata akatabasamu lile tabasamu, akaeleza breki.

Walipita bustani zote mbili bila kuanguka mtu. Kwenye kivuli cha mikungu, Mwalimu Natalia akasogeza baiskeli yake karibu, akauliza kama kawaida ya watu wazima: mwenzangu, kwenu wapi? Fortunata akajibu Kipatimu.

"Mmatumbi," alisema Mwalimu Natalia, na uso wote ukamfunguka. "Kumbe nimeongozwa na mateka wangu tangu asubuhi na siambiwi."

Wangoni na Wamatumbi ni watani. Wazee husema walipigana, wakachoka, wakaona bora waendelee kwa kutukanana tu. Basi Mwalimu Natalia akaanza kazi. Akasema Wamatumbi waliwasikia Wangoni wakikohoa tu, wakaingia mapangoni, na wengine mpaka leo hawajaambiwa kwamba vita imekwisha. Akasema sasa ameelewa kwa nini mota imewekwa kwenye baiskeli, ni kwa ajili ya kukimbilia. Wenzake wakacheka. Tomaso, ambaye ni Mmakonde na anao watani wake wengine, akacheka mpaka akapoteza njia kidogo.

Kila mtu wa kusini anajua sasa kinachofuata. Ulitakiwa umjibu. Ulitakiwa umuulize huyo Mngoni panya wa Songea wameisha mpaka afuate chakula pwani, na mambo yaendelee hivyo hadi jioni. Mtani akikutukana anakupa kitu, na usipomrudishia umemwacha na mkono hewani. Fortunata alisema, "Karibu sana Lindi, Mwalimu. Hapa mbele tutaona mashamba ya chumvi."

Mwalimu Natalia akawa anamtazama kisogo. Akajaribu tena njiani, mara mbili, kwa matusi mazuri zaidi, na mara zote mbili akapewa maelezo kuhusu chumvi.

Walipofika mtoni wakashuka. Maji yalikuwa yamekupwa, kaa wadogo wanatembea kwenye tope chini ya mikoko, na mtumbwi mmoja umefungwa kwenye mti. Fortunata alikuwa akieleza mto unakotoka wakati Mwalimu Natalia alipomkatiza. Alisema binti huyu hakufunzwa. Alisema atafunga safari hadi Kipatimu akamkamate baba yake, zee hilo jinga, amuulize ni mtoto gani huyu aliyemlea asiyejua hata kumtukana mtani wake.

"Amefariki, Mwalimu," Fortunata alisema. Alisema kwa sauti ile ile aliyokuwa akisemea habari za mto.

Walimu wengine watatu wakasema pole, wakainamisha vichwa, mmoja akavua kofia. Mwalimu Natalia hakusema pole. Aliegemeza baiskeli yake kwenye mkoko.

"Mtani gani alimzika?"

Fortunata alifikiri. Kijijini kwao alikuwapo mzee mmoja wa Kingoni, ambaye misiba yote ya pale ilikuwa yake. Ndiye aliyekuwa akivaa koti la marehemu na kutembea kama marehemu, akiwaomba wafiwa tumbaku, akishuka kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe kitu, mpaka watu waliovimba macho wacheke bila kutaka. Lakini mzee huyo alikuwa amesharudi kwao Songea kuuguzwa na watoto wake, na kwa mvua zile asingepita mtani mwingine. Akamwambia Mwalimu hapakuwa na mtani. Alizikwa na padri na majirani, na arobaini ni Jumamosi hii.

"Basi hamjamzika," alisema Mwalimu Natalia. "Mmemfukia tu."

Akamuuliza baba yake alikuwa mtu wa namna gani. Fortunata akaanza na maneno ya tanzia: mcha Mungu, mpole, mpenda watu. Mwalimu akayakataa yote kwa mkono, kama anayefuta ubao, akasema hajaomba wasifu, anataka kujua akitembea anatembeaje. Fortunata akasema hakuwa akitembea, alikuwa na baiskeli. Alizungukia vigango vyote, makanisa madogo ya mlimani, kwa baiskeli nzee ya chuma. Kwenye mteremko aliinua miguu yote miwili juu na kuimba zaburi, na kwenye mlima alishuka akaisukuma huku akiisemesha.

"Akiiambia nini?"

"Alikuwa anaiambia, haya mama, twende, usinitie aibu mbele ya Wakristo."

Mwalimu Natalia hakusubiri zaidi. Akajifunga kanga kichwani kama kofia, akaichukua baiskeli ya Frank yenye mota na betri na taa ya mbele, baiskeli ambayo ingeweza kumpandisha mlima wowote bila kutoa jasho, akaanza kuisukuma kwa mguu pale kwenye tambarare. Aliinama, akahema, akajifuta uso, akaishika siti kama mtu anavyomshika mke kiunoni kwenye harusi. Haya mama, akaiambia, twende, usinitie aibu mbele ya Wamatumbi. Alipofika katikati ya njia akaisimamisha, akaishukuru, akajilaza chini chali na mwili wake wote mnene, mikono kifuani, akafumba macho.

"Mimi Laurenti," alisema. "Nimekufa. Siondoki hapa mpaka nizikwe na mtu anayenijua. Na nina njaa."

Msafara ukasimama. Mwenye mkokoteni wa kuni aliyekuwa akitokea mbele naye akasimama, akamuuliza Tomaso kulikoni. Tomaso akamwambia ni msiba, na yule mtu, kwa vile ni mtu wa huku, akakaa juu ya kuni zake kusubiri.

Fortunata alimtazama mama huyu wa watu akiwa kwenye vumbi. Akaiona miguu yake mifupi iliyonyooshwa, soksi zenye maua, tumbo linalopanda na kushuka. Akasikia sauti fulani, kama ya mtu aliyepaliwa, akageuka kuangalia ni nani, kumbe ni yeye. Alikuwa anacheka. Alimnyang'anya Tomaso mfuko wa korosho akautupa juu ya tumbo la marehemu.

"Ondoka njiani, Mngoni wewe," alisema. "Hata kufa hujui. Baba yangu alikuwa mrefu."

Marehemu akafumbua jicho moja, akaonja korosho. Akasema afadhali, mtoto ameanza kusema, lakini korosho ni malipo ya kaburi fupi, na kama mzee alikuwa mrefu basi itabidi yeye mtani apelekwe hukohuko Kipatimu akafanye kazi kwa vipimo sahihi. Kisha akaketi, vumbi limemjaa mgongoni, na utani ukatoka kwenye sauti yake. Akasema ratiba yao inawapeleka Kilwa mwisho wa wiki, kwenye magofu, na magofu yamengoja miaka mingi, yanaweza kungoja mpaka Jumapili. Fortunata ampigie mama yake amwambie Jumamosi anakuja na mtani.

Fortunata akapiga simu akiwa amesimama pale pale. Iliita mpaka karibu ikatike. Mama akapokea kwa sauti ya mtu anayemhudumia mteja, akasema haya, sema.

"Mama, nimepata mtani," Fortunata alisema. "Mngoni. Amelala njiani huku mtoni, anasema yeye ni baba. Anasema hatukumzika."

 Upande wa pili kuku walisikika.

"Anamwigiza vipi?"

"Anaisemesha baiskeli."

Mama akatoa pumzi, na ndani ya ile pumzi mlikuwa na kicheko kidogo, kibovu, cha mtu ambaye hajacheka tangu masika. Akauliza ni mwanamke au mwanamume. Akauliza ni mnene au mwembamba. Fortunata akamwambia ni mnene. Mama akawa anapima kitu kichwani.

"Koti halitamtosha mikono," alisema mwisho. "Lakini mlete hivyohivyo. Nguo za baba yako sijagawa hata moja, Fortu. Kila siku nazitoa naanika, narudisha ndani. Hapakuwa na wa kuzivaa."

Fortunata akaliona lile koti. Aliliona kwenye kamba kule uani, la kahawia, mikono inaning'inia, mfuko wa kushoto umelegea kwa sababu ya pampu ya baiskeli, na akaona kwamba halina mtu.  Akakaa chini kwenye vumbi karibu na Mwalimu Natalia, simu sikioni, na kilio kikamtoka kwa nguvu, kilio kibaya, cha kamasi, ambacho hakikujali wageni wala kazi. Tomaso akawageuza wale walimu watatu waangalie mikoko.

Kwetu mtu akilia simuni unamwambia nyamaza, basi, yatosha, Mungu yupo. Mama yake, kule Kipatimu, hakumwambia anyamaze.