Ukucha wa Shangazi Nakijwa

Usiku ule tulikuwa wanne. Mimi, mjukuu wangu Namkunda, binti wa mwanangu Eliaichi, anayesoma chuo kikuu, mzee Kiangi, mkubwa wa makumbusho ya hicho chuo, ambaye sijamwona kwa macho ila Namkunda alishanieleza masharubu yake, na shangazi Nakijwa, dada wa baba yangu, ambaye tulimzika mimi nikiwa na mimba ya huyo Eliaichi.

Jioni yake Namkunda alikuwa amenipigia simu. Makumbusho yao huchukua wanafunzi wafanye kazi: wanafuta vumbi, wanapokea wageni, wanaandika kadi za vitu. Walikuwa wanne kwenye majaribio, na nafasi ni moja. Kila mmoja alipewa kitu chake akiandikie kadi, isomwe kesho yake asubuhi.

"Bibi, mimi nimepewa chungu cha huko kwetu Upare. Kwenye daftari lao wameandika mfinyanzi hajulikani. Sasa niandike nini? Kwamba ni cheusi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikalala na jambo hilo.

Basi nikajiona nimesimama katika chumba chenye makabati ya vioo. Mlango niliopitia sikuuona. Shangazi Nakijwa yuko sakafuni, kanga kiunoni, anafinyanga. Anakizunguka chungu kinyumenyume, mgongo umeinama, miguu inarudi taratibu, na udongo unapanda wenyewe kama uyoga. Ee Mungu, mikono ile! Hakuwa na kipimo wala mashine, na shingo ikatoka duara kama mwezi. Mzee Kiangi anamtazama, kofia ameishika mkononi. Namkunda anapokea chungu, anakibeba kwa chini, viganja viwili.

"Hakishiki mdomo huyu," shangazi akasema. "Nani kamfundisha?"

"Mimi."

"Kumbe ulikuwa unatazama."

Mara vioo havipo. Tupo nyumbani, pale walipokuwa wakichomea, moshi wa majani unaniwasha macho. Vyungu vya wanawake wote vinarundikwa pamoja, moto mmoja. Ndiyo maana kila mmoja alikuwa na alama yake, majivu yakipoa pasiwe na ugomvi. Naetwe alichora kwa kijiti. Nanzia alibingirisha gunzi. Shangazi, chungu chake kikiwa bado kibichi, analowesha kidole gumba, anakiingiza shingoni, anabonyeza ukucha ndani, mara tatu. Ukucha wake jembe liliupasua katikati tangu ujana, kwa hiyo kila alama ina vipande viwili.

"Mbona ndani?" nikauliza.

"Nje ni pa mnunuzi," akasema. "Mwambie mtoto aingize kidole."

Nataka kumuuliza mengine, na moshi unamfunika. Nikaamka gumba langu limezama kwenye godoro.

Nikapiga simu hapo hapo. "Bibi, hata jogoo bado!"

"Jogoo hana chungu. Ingiza kidole ndani ya shingo, utafute alama tatu za ukucha uliopasuka. Zikiwepo, ni Nakijwa binti Mbonea. Zisipokuwepo, andika cheusi."

Saa nne akanipigia. Hata shikamoo hakunipa. "Zipo, bibi. Tatu. Zote zimepasuka."

Anasema mzee Kiangi alivaa glavu, akaingiza kidole chake mwenyewe, kisha akamwambia aanze kazi Jumatatu. Chungu kile kimekaa kabatini miaka yote, wamepita wasomi wangapi, na mjukuu wangu ndiye aliyekipatia mwenyewe wake. Kadi nimesomewa. Jina la shangazi liko juu kabisa.

Sasa nyinyi wa ukoo wa Naetwe na wa Nanzia, kama nimezichanganya alama, kijiti kikawa cha huyu na gunzi la yule, nisahihisheni upesi. Namkunda anasema kabati la pili lina vyungu sita, na kadi zake bado hazina majina.